Umeme wa Ethiopia na ubishi wa kwa kinyozi

Machi 2025 Rais Samia aliposema mikoa ya kaskazini itapata umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, kwa kinyozi wangu hapa Moshi palichafuka. Jamaa mmoja nusu kichwa kimenyolewa nusu bado anafoka, "sasa bwawa la Nyerere megawati 2,115 la nini?" na kijiwe kizima kikamuunga mkono. Mimi nilikuwa upande wa Mama na bado nipo.

Bwawa liko Rufiji bwana, umeme uzunguke Chalinze mpaka upande huku kwetu, njiani mwingine unaishia kuwa joto tu kwenye nyaya, na sisi wa mwisho wa laini ndo volteji inatufikia imechoka, jioni watu wakishawasha pasi na majiko taa ya saluni inakuwa ya njano kama koroboi na mashine inang'ata nywele badala ya kunyoa. Halafu laini ya kilovolti 400 ya kutoka Isinya kule Kenya mpaka Singida, inayopita Namanga na Arusha, imeshawashwa tangu Desemba 2024. Tuiangalie tu? Na si ya kununua peke yake, siku Wakenya wamepungukiwa na sisi tuna ziada tunawauzia.

Mimi kinachonitia wasiwasi ni kingine kabisa. Ukiunganisha gridi kwa AC, yaani umeme unaogeuka mwelekeo kila mara kama huu wa majumbani, mmeshafungwa kamba moja, mashine zao na zetu zinazunguka kwa mdundo mmoja, hetzi 50, mwenzio akijikwaa na wewe unavutwa (Ethiopia ye kaja na DC, umeme wa kwenda upande mmoja tu, mpaka Suswa huko Kenya, unageuzwa pale kuwa AC, so mdundo wake haugusani na wetu). Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, zikapotea megawati zaidi ya 180, mashine zilizobaki zikazidiwa, Kenya nzima giza, na tumbili mwenyewe katoka mzima! Leo tumbili wa hivyo si wa Wakenya tu. Kwahiyo tuulize mitambo ya kukata laini fasta ipo sawa? Akiba ya kuziba pengo ipo, kwetu na kwao?

Nilikuwa nimefika hapo umeme ukakata. Jamaa akakaa na nusu kichwa mpaka saa mbili usiku, fundi kuja anasema ni fyuzi ya transfoma ya mtaani.