Sarkoma: kinyama kichukuliwe wapi, dawa itolewe wapi

Je, wagonjwa wa sarkoma, yaani saratani za mifupa na tishu laini, wakusanywe kwenye hospitali chache za ubingwa au watibiwe karibu na kwao? Pande zote mbili za mjadala huu zina sababu za kweli. Ugonjwa ni adimu: kwa watu wazima ni takriban asilimia 1 ya saratani zote, na hiyo asilimia 1 imegawanyika katika aina zaidi ya 50. Daktari wa upasuaji wa hospitali ya kawaida anaweza kufanya kazi miaka mingi akakutana na wagonjwa wachache mno. Ndiyo maana England ina vituo vitano tu vya upasuaji wa saratani zinazoanzia kwenye mfupa, vikiwemo vya Birmingham na Stanmore, na Ufaransa ina mtandao wa NETSARC unaokusudia kila kesi ifike mbele ya jopo la wataalamu. Wapinzani wanajibu kwamba umbali nao unaua: mgonjwa hukosa nauli na mahali pa kulala, huchoka, hukatisha dozi.

Tunavyoona sisi, si lazima mgonjwa atibiwe mahali pamoja mwanzo hadi mwisho. Kila hatua ya matibabu ipimwe peke yake, na ya kwanza kupimwa iwe ile inayodharauliwa zaidi: kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kuchunguzwa maabara.

Mwaka 1996 Mankin, daktari wa upasuaji wa mifupa wa Marekani, na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 597. Makosa, madhara na mabadiliko ya matibabu yalikuwa mara 2 hadi 12 zaidi pale kinyama kilipochukuliwa kwenye hospitali iliyotoa rufaa badala ya kituo kilichokuja kumtibu mgonjwa. Sababu ni za kiufundi. Njia yote iliyopitwa na sindano au kisu huhesabiwa kuwa imechafuliwa na chembe za saratani, na lazima ikatwe pamoja na uvimbe siku ya upasuaji mkubwa. Mchano ukipita kwa upana wa mguu badala ya urefu wake, nyama ya kuondoa inaongezeka sana na ngozi ya kufunikia inakosekana. Njia ikigusa ateri au neva kuu, kiungo ambacho kingeokolewa huenda kikakatwa. Damu isipodhibitiwa huvujia katikati ya misuli na kubeba chembe. Mrija wa kuitoa ukitokezwa mbali na mchano, hilo nalo ni jeraha la pili la kukata. Picha ya MRI itangulie, kwa sababu baada ya sindano uvimbe wa jeraha huficha mipaka halisi. Na anayechagua njia awe ndiye atakayefanya upasuaji wa mwisho, au awe ameongea naye kwanza.

Kosa baya kuliko hilo hutokea kwa nia njema kabisa. Mtu mzima anavunjika paja bila kishindo, picha inaonyesha mfupa uliolika sehemu moja, daktari anaamini ni saratani iliyosambaa kutoka kwingine, anapitisha chuma ndani ya mfupa. Kama ilikuwa sarkoma, chuma kimesukuma chembe kutoka nyonga hadi goti. Penye kidonda kimoja tu kwenye mfupa, na chanzo hakijulikani, chuma kisubiri majibu ya kinyama. Mguu utulizwe kwa banzi au kwa kuvutwa na uzito, mgonjwa apewe dawa ya maumivu, rufaa iandikwe.

Hata kipande kilichochukuliwa vizuri kinaweza kuharibikia maabara. Mfupa hulainishwa ili ukatike, na asidi kali inayofanya kazi hiyo haraka huharibu vinasaba. Kipimo cha jeni la EWSR1, kinachosaidia kuthibitisha sarkoma ya Ewing (aina mojawapo ya saratani ya mfupa), hushindikana. Kemikali nyingine ya kulainisha, EDTA, ni ya polepole lakini huhifadhi vinasaba. Sehemu ya kipande iende pia kuoteshwa vijidudu, kwani usaha wa mfupa hufanana sana na uvimbe huu kwenye picha.

Kwa hatua hizo, na kwa upasuaji wenyewe, hoja ya vituo vya ubingwa inashinda. Baada ya hapo mizani hubadilika. Osteosarkoma ya vijana, nayo saratani ya mfupa, hutibiwa kwa dawa za sisplatini, doksorubisini na methotreksati, takriban wiki 10 kabla ya upasuaji na miezi kadhaa baadaye. Methotreksati ya gramu 12 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili haifai kutolewa bila maabara inayopima kiwango chake kwenye damu kila siku: figo zikichelewa kuitoa, na dawa ya kuipinga isipoongezwa kwa wakati, mgonjwa anaweza kufa. Hiyo ibaki kituoni. Lakini homa ya nyuzi 38 wakati chembe nyeupe za damu zimeshuka inataka antibiotiki ya mshipani ndani ya saa moja, na hapa hospitali ya karibu inaweza kuokoa maisha ambayo kituo cha mbali kingeyapoteza. Vipimo vya damu, mazoezi ya viungo na picha za kifua za kila miezi michache, kwa kuwa sarkoma hukimbilia mapafu, havina sababu ya kumsafirisha mtu.

Mionzi iko katikati. Vipindi 25 ni wiki tano, na kumweka mtu mbali na familia muda wote huo ni mzigo mkubwa. Tunakubali ifanyike karibu, ilimradi kituo ndicho kimechora ramani ya mionzi na kuacha ukanda wa ngozi usiopigwa kuzunguka kiungo. Usipoachwa, mguu unaweza kuvimba kwa maji maisha yote.

Wapinzani wana hoja nyingine nzito: kituo kikipokea kila uvimbe kitazama. Uvimbe wa mafuta usio na madhara ni mwingi mno kuliko sarkoma. Kwa hiyo mchujo ufanyike kwenye hospitali za chini. Uvimbe mdogo, wa juu ya utando wa misuli, usiokua, unaweza kushughulikiwa hapo hapo. Unaozidi sentimita 5, unaokua, ulio ndani ya msuli au uliorudi baada ya kutolewa usiguswe kwa kisu kabla ya MRI. Maumivu ya mfupa yanayomwamsha mtu usiku yapigwe eksirei ya pande mbili, mfupa mzima na viungo vyake vya juu na chini.

Rufaa iende na picha zenyewe, si maelezo ya picha tu. Kama tayari kuna kilichokatwa, iende pia na vipande vya maabara, vioo vyake vya hadubini, na maandishi ya upasuaji yanayosema mchano ulielekea wapi na mrija ulitokea wapi. Kituo nacho kijibu ndani ya siku chache, hata kama jibu ni kwamba mgonjwa abaki alipo, kwa sababu daktari aliyeachwa wiki tatu bila neno, mgonjwa akilia kwa maumivu mbele yake, ataishia kufungua uvimbe mwenyewe.