Kiwanja chako, nyumba ya kukodi: barua pepe ya afisi ndogo Mombasa

Tembea kutoka Mwembe Tayari hadi Nkrumah Road ukisoma vibao. Wakili, wakala wa kutoa mizigo bandarini, daktari wa meno, msafirishaji wa watalii: wengi wao, chini ya jina na nambari ya simu, wameandika anwani ya Gmail. Wengine bado wana ile ya Yahoo waliyofunguliwa enzi za saiba.

Nikiwashauri wenye afisi hizi wanunue jina lao wenyewe la intaneti, yaani domeni, na barua zao zipitie humo, jibu huwa moja: hayo ni ya makampuni makubwa, sisi Gmail yatutosha. Huona nawauzia fahari. Hoja yao si nyepesi, lakini ninachowaomba wanunue si fahari hata kidogo.

Gmail ya bure ina gigabaiti 15, inachuja barua taka vizuri mno, inafunguka kwenye simu yoyote na haidai ada ya mwaka. Anayeanza na dawati moja ana haki ya kuanza nayo. Tena mazungumzo mengi ya biashara hapa mjini yako WhatsApp.

Barua pepe imebakiwa na mambo mazito. Kwa wakala wa mizigo, humo ndimo inamoingia notisi ya kuwasili kwa meli, rasimu ya hati ya shehena na ankara ya kampuni ya meli. Kwa afisi yoyote iliyosajiliwa, humo ndimo zinamoingia taarifa za iTax, mfumo wa kodi wa serikali. Anwani hiyo ikipotea, hakuna dirisha la kwenda kupanga foleni.

Nimeiona ikipotea. Afisi moja ya kutoa mizigo ilikuwa na anwani iliyofunguliwa na karani wake wa kwanza, kwa nambari yake ya simu. Baadaye karani alipata kazi Nairobi, akaaga vizuri, na paswadi akaiacha imeandikwa daftarini. Barua ziliendelea kuingia kwa sababu kompyuta ile ya zamani ilikuwa haijawahi kutoka kwenye akaunti. Siku iliponunuliwa mpya, Google ikataka kuthibitisha ni nani anayeingia, ikatuma nambari ya siri kwenye laini ambayo karani alikuwa ameshaiacha. Paswadi ilikuwa sahihi, na mlango haukufunguka. Wakati huo kontena la mteja limeshashushwa Kilindini. Mzigo wa humu nchini una siku 4 za bure bandarini. Zikiisha, ada ya kuhifadhi inaanza, na mwenye meli naye anahesabu siku za kontena lake. Ankara na maelekezo yote yalikuwa ndani ya sanduku lisilofunguka. Mkurugenzi alikuwa na cheti cha kampuni, muhuri na leseni, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho kingemthibitishia Google kuwa anwani ile ni yake. Na kwa kweli haikuwa yake. Akaunti ya bure ni ya aliyeifungua, si ya afisi inayoitumia.

Jambo hili sisi watu wa Mombasa tungepaswa kulielewa upesi kuliko wengine. Mji huu umejaa nyumba zisizo na ardhi: mtu amejenga nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, kuta zake, mabati yake, lakini kiwanja ni cha mwingine na kila mwezi analipa ijara. Akitakiwa aondoke, atabeba mabati na milango, wala si mtaa uliomjua kwa miaka thelathini. Anwani ya Gmail iko hivyo hivyo. Barua utazinakili, lakini ile anwani iliyo kwenye kibao, kwenye kadi na kwenye kumbukumbu za wateja inabaki kule kule.

Ukiwa na domeni, kiwanja ni chako na nyumba ndiyo ya kukodi. Barua zako leo zinaweza kuhudumiwa na kampuni ya Zoho, mwakani na Google au kampuni ya hapa nchini. Unabadilisha rekodi za MX, zile zinazoiambia dunia barua za jina hili zipelekwe kwenye seva gani, na mteja hatajua kuwa umehama. Karani akiondoka, msimamizi anabadilisha paswadi na sanduku linarudi kwa afisi dakika ile ile.

Gharama ndiyo inayotisha watu, kwa sababu wengi wamesikia bei ya juu peke yake. Jina la .co.ke, ambalo msajili wake mkuu ni KENIC, hupatikana kwa shilingi elfu moja hivi kwa mwaka, pengine zaidi kidogo. Google Workspace, yaani huduma ya Google ya kulipia, ya chini kabisa ni dola 7 kwa mtu kwa mwezi ukijifunga mwaka mzima. Watu wanne ni dola 336, na dola ikiwa shilingi 130 hizo ni 43,680. Kwa afisi ndogo ni pesa nyingi, nakubali. Lakini Zoho wana mpango wa dola 1 kwa mtu kwa mwezi: wanne hao hao ni dola 48, yaani shilingi 6,240. Wala si lazima wawe wanne. Anwani za "info" na "accounts" zinaweza kuwa majina ya ziada yanayoangukia kwenye sanduku la mtu mmoja, bila malipo mengine.

Kuna fundi atakayekushauri uweke seva yako mwenyewe afisini kwa kuwa programu zake ni za bure. Mkatalie. Umeme ukikatika seva inazimika, joto na chumvi ya bahari vinaila, na barua zinazotoka kwenye intaneti ya kawaida ya afisi hukataliwa na wapokeaji wengi.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni nyingine. Wapo walionunua domeni wakaumia vile vile. Kijana aliyewatengenezea tovuti aliisajili domeni kwa jina lake na barua pepe yake, kisha akahama au wakakosana. Wengine walisahau ada ya mwaka, jina likazimwa, na barua za afisi nzima zikakatika siku moja. Gmail haifanyi hivyo. Anayetaka domeni lazima akubali kuwa ni hati ya kutunzwa: isajiliwe kwa jina la kampuni, ilipiwe miaka miwili au mitatu kwa mpigo kama muuzaji anaruhusu, na anwani ya mawasiliano anayopewa muuzaji isiwe iliyo ndani ya domeni hiyo hiyo. La sivyo, onyo la kulipa litatumwa kwenye sanduku lililokwisha fungwa. Hapa Gmail ya mkurugenzi ina kazi nzuri.

Kuna pia SPF, DKIM na DMARC, rekodi tatu za domeni za kuthibitisha kuwa barua ni yako kweli. Ya kwanza inataja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako, ya pili inatia sahihi kwenye barua, ya tatu inamwambia mpokeaji afanye nini na barua iliyoshindwa mitihani hiyo. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wameyakazia macho mambo haya, na afisi isiyoyaweka huenda ikaona ankara zake zikiangukia kwenye taka. Ni kazi ya saa moja kwa anayejua. Hayamzuii tapeli kufungua jina linalofanana na lako, ila yanamzibia njia ya kutumia lako lenyewe. Mwaka 2023 pekee, FBI ya Marekani iliripotiwa hasara ya takriban dola bilioni 2.9 kutokana na ulaghai wa barua pepe za biashara, na mojawapo ya njia zake ni ile ile: barua inayomwambia mteja kuwa nambari ya akaunti ya benki imebadilika.

Wakati wa kuhama, anza na iTax, eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), benki na mawakala wa meli, kwa utaratibu huo. Ile ya Gmail usiifunge. Ielekeze kwenye anwani mpya kwa mwaka mmoja au miwili, kwani yuko mteja wa Kampala ambaye kadi yako ya zamani bado iko mezani kwake.