Fenway Siku ya Marathoni: Ingia Umechelewa

Ikifika Februari simu zinaanza. Mara ndugu wa Worcester, mara mtu wa Dallas anayekuja kumtembelea dada yake Lowell, wote na swali lile lile: nataka kwenda Fenway Park, uwanja wa besiboli wa Red Sox ya Boston, siku ya Boston Marathon, tiketi nakata wapi? Hilo la wapi halina shida. Tiketi siku hizi ni za kwenye simu. Unanunua kwenye tovuti ya Red Sox au kwenye programu ya ligi, ukifika getini unaonyesha msimbo, umeingia. Swali ambalo hawaniulizi ndilo lenye uzito: uwe umeketi saa ngapi?

Msimamo wangu ninao, na nimeshabishana na wengi juu yake kwenye harusi na misiba ya huku. Siku ile nunua tiketi ya bei ya chini, halafu ingia umechelewa. Kwa makusudi kabisa. Awamu tatu za mwanzo, kati ya tisa za mchezo, waachie wenyeji.

Nieleze kwa wasioijua siku yenyewe. Patriots' Day ni sikukuu ya jimbo la Massachusetts, Jumatatu ya tatu ya Aprili. Shule zimefungwa, ofisi nyingi zimefungwa, na mji mzima uko barabarani kwa sababu ndiyo siku ya marathoni. Siku hiyo hiyo Red Sox wanacheza nyumbani, tena asubuhi, saa 5:10 kwa saa zetu, wakati timu nyingine za ligi kuu ya besiboli bado hazijafikiria kuvaa viatu. Na mbio zinapita Kenmore Square, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka uwanjani, mkimbiaji akiwa amebakiza kama maili moja tu kufika utepe wa Boylston Street.

Sasa piga hesabu. Wakali wa kiume wanaondoka Hopkinton, mji mbio zinapoanzia, saa 3:37 asubuhi, wa kike saa 3:47. Mwanamume anayeongoza anatumia saa mbili na dakika chache, kwa hiyo Kenmore anapita saa 5:35 hivi au muda mfupi baada ya hapo. Wanawake wanaoongoza wanapita kwenye saa sita mchana. Mtu aliyewahi kiti chake saa 5:10 atakuwa anatazama awamu ya pili, huku nyuma ya ukuta, kwa umbali unaoweza kutupa jiwe, Wakenya, Waethiopia na Watanzania wanamalizana. Atasikia kelele tu.

Na hao si watu wa kusikia kelele zao tu. Mwaka 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda Boston, na aliyeshindwa naye ni Juma Ikangaa wetu wa Tanzania, kwa sekunde moja. Moja! Ikangaa akarudi 1989, wa pili. Akarudi 1990, wa pili tena. Gabriel Geay akaja 2023, wa pili. Alphonce Simbu 2025, wa pili, halafu miezi michache baadaye akaenda Tokyo akawa bingwa wa dunia. Upande wa Kenya orodha haina mwisho: Cosmas Ndeti mara tatu mfululizo, Robert Kipkoech Cheruiyot mara nne, Catherine Ndereba mara nne, Hellen Obiri 2023 na 2024. Hapo Kenmore kuna bango kubwa la Citgo juu ya jengo, na wakimbiaji wanaliona kutoka mbali wakijua kazi inakaribia kwisha. Wakifika chini yake ndipo unapoona nani amebakiwa na miguu na nani anakimbia kwa jina tu. Wanapita mbele yako kama mita tatu, bure, bila tiketi. Halafu mtu aniambie alikuwa ndani anamtazama mrushaji akijifuta jasho!

Wanaonipinga wana hoja moja: nimelipa, nikose mchezo kwa nini? Ni hoja ya mpira wa miguu. Kwenye soka ukichelewa dakika kumi unaweza kukuta goli la pekee limeshafungwa. Besiboli ina awamu tisa, kila awamu timu zinapokezana kupiga na kurusha, na ukiingia awamu ya nne ubao unakusomea yote yaliyopita, namba kwa namba, awamu kwa awamu. Ba'mdogo wangu wa Singida, mtu wa Simba damu, alikaa pale akatazama muda mrefu, kisha akaniinamia: "Mwanangu, hawa wanacheza au wanasubiri basi?" Nikamwambia asubiri mpira mmoja tu ugongwe sawasawa. Ulipogongwa alisimama kabla yangu, kofia ikaanguka, akawa anamuuliza jirani asiyejua Kiswahili hata neno moja mpira umekwenda wapi. Jirani akamjibu kwa Kiingereza cha Boston. Wakaelewana.

Zaidi ya hayo, tangu 2023 mrushaji anawekewa saa: sekunde 15 za kurusha mpira kama hakuna mkimbiaji kwenye besi, vile vituo ambavyo mpigaji hukimbilia, la sivyo anaadhibiwa. Mechi zilizokuwa zinapita saa tatu zimeshuka hadi kama saa mbili na dakika 40 kwa wastani. Maana yake ukiingia saa 6:10 mchana bado una zaidi ya nusu ya mchezo, na kwa mgeni nusu ya besiboli inatosha na inabaki.

Kiti ndicho kitu ambacho ningekuomba usikinunue kwa haraka. Fenway ilifunguliwa tarehe 20 Aprili 1912, siku tano baada ya Titanic kuzama, na ndiyo kongwe kuliko viwanja vyote vya ligi. Uzee wake ni mtamu ukiwa umesimama, ukikaa ni habari nyingine. Jukwaa kuu lenye paa limeshikiliwa na nguzo za chuma, na kuna viti ambavyo nguzo imekaa katikati yako na mpigaji. Tiketi hizo huandikwa kwamba zina kizuizi, ila maandishi ni madogo na mtu akiona bei anafumba macho. Viti vya mbao vya buluu humo ndani vilitengenezwa kwa watu wa zama zile, wembamba wa nyonga na wafupi wa miguu. Mtu wa urefu wa kawaida tu magoti yanamfika kidevuni. Na upande wa kulia wa uwanja kuna viti vinavyotazama katikati ya majani badala ya kumtazama mpigaji, kwa hiyo unarudi nyumbani na shingo ya kukanda.

Mimi nawapeleka watu jukwaa la wazi nyuma ya uwanja, kwa lugha ya Uwanja wa Mkapa kule Dar tungesema mzunguko. Ni mbali na mpigaji, sikatai. Lakini geti lake liko Lansdowne Street, upande ule ule wa Kenmore, kwa hiyo ukitoka kwenye mbio unaingia moja kwa moja. Aprili Boston ni baridi ya kuuma masikio, na huko wazi jua likitoka linakupata wakati wenzako wa chini ya paa wanatetemeka. Vaa koti la maana na ubebe shuka la Kimasai, hakuna atakayekucheka. Ukifika safu yako, subiri mpigaji aliyepo amalize ndipo upite mbele za watu. Hilo ni la adabu kuliko sheria.

Kutoka hapo unauona ukuta wote. Wanauita Green Monster, na picha hazimtendei haki. Urefu wake ni zaidi ya mita 11, umesimama upande wa kushoto karibu mno na mpigaji kwa sababu mtaa ulikuwa tayari upo na uwanja ukabanwa humo. Mpira ambao kwingine ungekuwa umeruka nje, hapa unagonga ukuta na kurudi. Na mpira mwepesi ambao kwingine ungedakwa, hapa unadondoka juu ya ukuta. Chini yake kuna ubao wa matokeo unaobadilishwa kwa mkono. Ndani ya ukuta mna watu, kweli watu, wanaotoa bamba la namba na kuchomeka jingine. Na kwenye jukwaa hili la wazi, sehemu ya 42, safu ya 37, kuna kiti kimoja chekundu katikati ya vyote. Tarehe 9 Juni 1946 Ted Williams, mpigaji wa Red Sox, aliupiga mpira ukatua hapo, futi 502, zaidi ya mita 150, ukatoboa kofia ya majani ya bwana mmoja aliyekuwa amejikalia zake. Simama kwenye kile kiti umtazame mpigaji. Utadhani wanakudanganya.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni wangu lazima alijue kabla hajanunua kofia ya Red Sox yenye herufi B. Tarehe 16 Aprili 1945 Jackie Robinson aliletwa hapa Fenway na wenzake wawili weusi, Sam Jethroe na Marvin Williams, kufanyiwa majaribio. Walipiga mipira, wakaambiwa watapigiwa simu. Simu haikupigwa. Miaka miwili baadaye, tarehe 15 Aprili 1947, Robinson alianza kuchezea Brooklyn Dodgers na ukuta wa ubaguzi wa rangi katika ligi ukavunjika. Red Sox walikuwa timu ya mwisho kabisa kumchezesha mtu mweusi: Pumpsie Green, Julai 1959. Mtaa wa mbele ya uwanja ulibeba jina la mmiliki wa enzi hizo, Yawkey, hadi 2018 uliporudishiwa jina lake la zamani, Jersey Street, na wamiliki wa sasa ndio walioomba. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mei 2017, Adam Jones, mchezaji mweusi wa timu ya Baltimore, alisema wazi kwamba alitukanwa kwa rangi yake humo ndani na kurushiwa mfuko wa karanga. Klabu ikaomba radhi.

Siyasemi haya ili usiende. Nakwenda, na wanangu nawapeleka. Nayasema kwa sababu tarehe zinakutana: kila 15 Aprili wachezaji wote wa ligi huvaa namba 42 ya Robinson, na ndani ya siku chache unakuja huo umati wa marathoni kuwashangilia Waafrika kwa sauti ya kukauka koo, dakika chache kwa miguu kutoka mahali Robinson alipoambiwa atapigiwa simu. Mgeni akikaa pale bila kulijua hilo, amekaa kwenye uwanja wa kadi ya posta.

Usafiri sasa, kwa kifupi. Gari liache nyumbani, barabara zimefungwa na maegesho ni wizi wa mchana. Anayetoka Worcester au Framingham ana bahati: treni inasimama Lansdowne, mgongoni mwa uwanja. Anayetoka Lowell ashuke North Station apande treni ya mjini ya Green Line, tawi la D, hadi Kenmore. Tawi la E halifiki huko, na ndiyo inayowapoteza wageni kila mwaka. Stesheni ya Copley siku ile hufungwa. La maana kuliko yote: ukifika Kenmore simama upande wa uwanja. Ukijisahau ukabaki ng'ambo, kuvuka barabara ya mbio ni shughuli. Begi kubwa usilete. Tangu mabomu ya 2013 pale kwenye utepe polisi hawana mzaha, na uwanja nao una masharti yake ya mizigo. Lipa kwa kadi. Soseji za mikokoteni ya nje, zile za vitunguu na pilipili hoho zinazonukia mtaa mzima, mara nyingi ni za nguruwe, kwa hiyo Muislamu aulize kwanza au ajikalie na karanga za maganda.

Mwenye watoto wadogo, au anayetaka kuelewa mchezo wenyewe kutoka mpira wa kwanza, siku hii simshauri. Aje Jumanne ya Juni, timu ngeni iwe isiyo na jina kubwa, bei iwe imelegea, afike magetini saa moja na nusu kabla. Red Sox wana mechi 81 za nyumbani kwa msimu, nafasi zipo. Na wanaong'ang'ania lazima wawaone dhidi ya Yankees wa New York, kwa vile ni watani wa jadi, wajue wanalipia utani huo zaidi kuliko mchezo.

Mwisho ni mvua. Mwaka 2018 siku hiyo ilinyesha mvua ya baridi hadi mechi ikaahirishwa, lakini marathoni ilikimbiwa hivyo hivyo. Mechi ikiahirishwa tiketi yako inahamia siku itakayopangwa. Kwa hiyo wewe wa Dallas mwenye ndege ya kurudi Jumatatu usiku, tiketi ya bei mbaya usiiguse.