Hoteli ya laki na nusu Mwanza: anasa, au sehemu ya kazi?

Safari ya kikazi ya Mwanza huzaa ubishi uleule ofisini siku mtu anaporejesha masurufu. Mhasibu ameshika risiti ya laki na nusu ya usiku mmoja, na anajua fika kwamba Kirumba au Nyakato kuna loji safi, ina kiyoyozi na maji ya moto, kwa elfu sitini. Kitanda ni kitanda, anasema, aliyelala Capri Point akitazama ziwa hakuamka na akili mpya. Hoja ina nguvu, na mara nyingi msafiri hujitetea vibaya: anataja mandhari, anataja kifungua kinywa, anazidi kuonekana mtu wa starehe.

Upande wa loji una haki yake. Tangu Julai 2022 posho ya kujikimu kwa mtumishi wa umma anayesafiri ndani ya nchi ni kati ya shilingi 100,000 na 250,000 kwa siku. Mwenye laki moja hana cha kujadili: humo humo kuna kulala, kula na bajaji, na akilala pa elfu arobaini kinachobaki kinakwenda kwenye ada ya mtoto. Hakuna wa kumlaumu. Wala mtu anayepita tu kwenda Geita hahitaji hoteli ya mjini. Daraja la Kigongo–Busisi lililo kwenye njia hiyo, kilomita 3 juu ya maji, lilizinduliwa 19 Juni 2025, na tangu hapo habari ya kupanga foleni ya kivuko imekwisha. Huyo anapaswa kulala Nyegezi au Buhongwa, kusini mwa mji, atoke alfajiri kuelekea Usagara. Akilala Capri Point au njia ya uwanja wa ndege, ataanza siku kwa kuukata mji mzima na kukutana na foleni ya Mkuyuni, kisha aseme Mwanza ina msongamano.

Sasa mchukue yule aliyekuja kufanya kazi mjini penyewe. Ameshuka na ndege ya asubuhi kutoka Dar. Uwanja uko kama kilomita 10 kaskazini mwa mji, kwa hiyo saa tatu yuko katikati ya jiji na begi lake. Vyumba, kwa loji na kwa hoteli, hufunguliwa saa nane mchana. Saa hizo tano ndizo mhasibu asizoziona kwenye risiti. Loji nyingi zina mapokezi ya dirisha moja na benchi. Begi linawekwa nyuma ya kaunta, na mgeni anaambiwa azunguke kwanza. Hoteli ya hadhi inalipokea begi kwa kibandiko chenye namba, ina choo cha kubadilishia shati, ina meza yenye soketi na intaneti, na ina mahali ambapo meneja wa kiwanda cha sangara au afisa wa benki anaweza kuitwa akaja bila kuuliza “hapo ni wapi?”. Ukumbi ule wa chini wenye makochi ndio ofisi yako ya Mwanza kwa siku mbili, na kodi yake ni vikombe vya kahawa. Siku ya kuondoka hali hujirudia. Chumba kinatakiwa kiachwe saa nne asubuhi, ndege ni ya usiku. Hoteli nzuri inakubali mgeni akae hadi saa kumi na mbili kwa nusu bei, au inamwacha aendelee kukaa pale chini bure. Mwenye loji kwa kawaida ana mteja mwingine mlangoni, na hana pa kukuweka.

Umeme nao unahitaji kutazamwa kwa karibu, maana hapa ndipo watu hudanganywa na neno “tuna jenereta”. Loji nyingi zina jenereta dogo la petroli linalobeba taa, televisheni ya mapokezi na basi. Kiyoyozi na hita ya kuogea vinasubiri umeme wa TANESCO. Hoteli kubwa ina jenereta la dizeli na swichi inayojibadili yenyewe, giza linadumu sekunde chache tu. Hata hivyo ruta ya intaneti ikizimika kwa sekunde hizo inachukua dakika mbili au tatu kuwaka upya na kukamata mtandao, na mkutano wako wa video umekatika taa zikiwa zinawaka. Kwa hiyo yapo maswali mawili ya kuuliza kwa simu kabla ya kulipa: jenereta linabeba kiyoyozi na soketi za vyumbani? Ruta za kila ghorofa zina UPS, yaani betri ya akiba? Mpokeaji akijibu la pili bila kwenda kumuuliza fundi, hapo pana watu wanaojua kazi yao.

Lakini hoja ambayo mhasibu mwenyewe angepaswa kuileta mezani, na haileti, ni ya kodi. Kampuni inalipa kodi ya mapato ya asilimia 30 ya faida. Gharama ya kazi yenye risiti halali ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kodi, inapunguza faida inayotozwa. Isiyo na risiti hiyo, mkaguzi anaikataa. Basi tupige hesabu. Loji ya 60,000 iliyotoa karatasi ya kuandikwa kwa mkono inaigharimu kampuni 60,000 kamili. Hoteli ya 150,000 yenye risiti ya EFD inapunguza kodi kwa 45,000, kwa hiyo mzigo halisi ni 105,000. Ile tofauti ya 90,000 iliyozua ubishi imekuwa 45,000, nusu kamili. Kwa usiku tatu ni 135,000, si 270,000. Ukiongeza chumba cha mkutano ambacho hukukodi na nauli za kwenda kuwafuata watu ambao sasa wanakufuata wewe, pengo linazidi kuwa jembamba.

Hesabu hiyo ina mipaka yake na mtu asiipeperushe kama bendera. Loji inayotoa risiti ya EFD, nazo si chache, mzigo wake ni 42,000, na pengo linarudi hadi 63,000. Kampuni iliyo kwenye hasara haipati nafuu hiyo mwaka huu. Na anayepewa posho mkononi asiulizwe alilala wapi, hesabu hii haimhusu kabisa. Yeye na mhasibu wake hawana ugomvi. Inamhusu anayelipiwa gharama halisi, ambaye ndiye hasa anayeitwa mtu wa anasa.

Hoteli za kisasa nazo zinajiharibia zenyewe. Aliyezichora alimfikiria mtu aliyekuja fungate. Meza ya kazi ni ya duara, ndogo kama sinia, taa ni za manjano hafifu, soketi iko nyuma ya kitanda, na bafu limetengwa kwa kioo kitupu. Kabla ya kupokea ufunguo omba uone chumba, ukague meza na soketi, upime kasi ya intaneti ukiwa umekaa kitandani na mlango umefungwa, maana kasi ya kwenye korido haikusaidii. Ijumaa na Jumamosi kuna muziki wa baa ya juu ya paa na kuna sherehe ukumbini. Omba chumba cha ghorofa za kati, angalau mbili chini ya paa, upande usiotazama ukumbi.

Kuhusu chumba cha kutazama ziwa, ambacho huongezewa bei: siku za mwezi mwandamo wadudu wa ziwani huibuka majini kwa mawingu, ukiwatazama kwa mbali kama moshi unaofuka juu ya maji. Hawaumi. Wanafuata taa tu. Ikifika saa kumi na mbili jioni zima taa ya baraza na ufunge kile kioo cha kusukuma hadi mwisho. Ukiacha upenyo wa kidole, asubuhi utawafagia sakafuni kwa mafungu, na wengine utawakuta kwenye kibodi ya kompyuta. Chumba cha nyuma, kinachotazama mawe na mlima, ni nafuu na ni tulivu.

Mwisho ni kwenye kaunta. Bei yenyewe iwe kwa shilingi. Kanuni za Machi 2025 zimekataza kutangaza bei kwa dola. Risiti iwe na jina la kampuni na TIN yake, yaani namba ya mlipakodi, tarakimu 9, na uzisome moja moja kabla hujaondoka, kwa sababu kurekebisha risiti iliyokwisha kutoka ni safari nyingine ya barua na simu. Na uichukue jioni ya kuamkia siku ya kuondoka. Anayeondoka na ndege ya asubuhi na mapema hukuta zamu ya usiku, na mashine ya EFD imefungiwa kwenye droo ya mhasibu wa hoteli, ambaye anaingia saa mbili.