Vijidudu wa tumbo la kiwavi ni wakaazi au wapita njia?

Katika mashamba madogo ya Ruai na Njiru, pembezoni mwa Nairobi, mahindi yakifika magotini, mkulima huufunua moyo wa kila mmea akimsaka kiwavijeshi vamizi. Mdudu huyu wa asili ya Amerika aligunduliwa Afrika mwaka 2016, na mwaka uliofuata akawa ameshaingia Kenya. Kwa kuwa kupulizia dawa peke yake hakujamshinda, watafiti wamegeukia tumbo lake. Wataalamu wa icipe, taasisi ya wadudu iliyoko Kasarani, nao wamechunguza bakteria wa viwavi waliookotwa katika mashamba ya humu nchini.

Tumaini lao la kumdhoofisha mdudu kupitia bakteria hao lina msingi. Huko Brazil, bakteria waliotolewa katika tumbo la kiwavi huyu huyu walionekana kuweza kuvunjavunja viuatilifu. Ikiwa wanafanya hivyo wakiwa ndani ya mdudu, basi kuwaangamiza ni kuirudishia dawa makali yake.

Lakini mwaka 2017 mwanabiolojia Tobin Hammer na wenzake walileta hoja nzito ya kupinga. Walipima viwavi wa mwituni wa aina 124 wakakuta bakteria wachache mno, na wengi wao ni wale wale wa majani waliyokula. Walipompa kiwavi wa tumbaku antibayotiki, alikua kama kawaida. Ukilitazama tumbo lenyewe, huoni ajabu: ni bomba lililonyooka, lenye ukali wa magadi, na chakula hakikai humo.

Naegemea upande wa Hammer kuhusu viwavi wengi, ila si wote. Kiwavi wa majani ya pamba, ndugu wa kiwavijeshi, ana bakteria aitwaye Enterococcus mundtii anayetoa kemikali ya kuua bakteria wengine. Huyo si mpita njia.

Tena, hata mpita njia ana athari. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kiwavijeshi akila mahindi yenye kinga inayotoboa utando wa tumbo, bakteria wake wa kawaida hupenya mwilini na kumdhoofisha. Aliyekuwa hana madhara anageuka adui kwa sababu ya jani lililoliwa. Kwangu mimi, hapa ndipo penye uzito: chakula kinaamua nani aingie tumboni, na kinaamua pia atafanya nini akishaingia.

Mwaka huo huo, Uholanzi, viwavi waliolishwa majani yaliyochumwa walikuwa na bakteria wa aina chache, wale wa majani. Wenzao walioachwa kwenye mmea uliosimama katika udongo walikuwa na bakteria wa aina nyingi zaidi, waliofanana na wa udongo ule. Sasa fikiria viwavi wa maabara, wanaofugwa kwa uji mgumu wa maharagwe na chachu ambao mara nyingi hutiwa antibayotiki. Matokeo yao yanatuambia nini kuhusu Ruai?

Wakulima wengi, dawa ikiwa ghali, hutia udongo au majivu katika moyo wa mhindi. Wengi huona kwamba udongo ule unamsumbua mdudu kwa chembe zake tu. Ili kujua kama vijidudu wa udongo nao wanahusika, ningependa mistari miwili ipandwe shamba moja, mmoja utiwe udongo mbichi na mwingine udongo uliochomwa ukafa vijidudu wake, kisha viwavi wa kila mstari wahesabiwe na matumbo yao yapimwe.