Tope la Bududa halina sura
Mwandishi wa makala moja niliyosoma anauliza michoro ya rangi kuhusu maporomoko ya udongo ya Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda, isiyoonyesha mtu wala nyumba, inawafaa nini waliofikwa na maafa hayo. Mimi naona michoro hiyo ndiyo inayosema kweli, kwa kuwa udongo ulioshuka Nametsi, wilayani Bududa, mwezi Machi 2010, ulifukia nyumba pamoja na kituo cha afya, ukaacha mteremko mtupu. Rangi yake ya kahawia iliyopakwa nzito, kisha ikakwanguliwa kwa kisu mpaka kijani cha migomba kikabaki mistari myembamba tu, inanigusa kuliko picha za maiti zinazosambazwa simu kwa simu, ambazo kwa kweli huwavunjia marehemu heshima. Naomba kazi hizo zipelekwe Mbale na Bududa kwenyewe, zisiishie Kampala.