Ile kofia kwenye nano sio kofia jamani

Juzi dogo mmoja ninayemfundisha Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta, kanipigia usiku, saa nne hivi, anasema kaka nimekwama humu ndani sitoki. Ndani wapi? Ndani ya nano, ile programu ya kuandikia na kubadilisha maandishi. Alikuwa anabadilisha faili la mipangilio, kamaliza, anataka kutoka, akaangalia chini ya skrini akaona ^X Exit, basi akafanya kama alivyosoma: Shift na 6 ikatoka kofia, af X kubwa. Wapi. Akarudia, akarudia tena, mpaka ananipigia faili lina ^X^X^X^X mistari miwili na jasho linamtoka kwa sababu hajui kama ashaharibu kitu.

Sikumcheka, maana dogo kasoma vizuri tu, kafata maandishi. Ile kofia maana yake kitufe cha Ctrl. Ni uandishi wa zamani sana wa watu wa kompyuta, unatokana na zile herufi za udhibiti za ASCII, ile orodha inayoipa kila herufi namba yake: ukishikilia Ctrl ukagusa X kompyuta inapokea namba 24 kwa sababu X ni herufi ya 24, ukigusa C inapokea 3, na hizo namba hazina sura ya kuonyesha kwenye skrini kwaiyo wakaziandikia kofia. Ukishajua inapendeza kweli. Ila mtu anayefungua nano leo kwa mara ya kwanza atajulia wapi? Na kinachoniua mimi ni kwamba maelezo yapo, nano wenyewe wameandika kofia maana yake nini, ila wameyaweka ndani ya ukurasa wa msaada, na huo ukurasa pale chini umeandikwa unafunguliwa kwa ^G. Yaani funguo za nyumba ziko ndani ya nyumba.

Pembeni ya hizo za kofia unakuta M-U. Hiyo M ni Meta, kitufe kilichokuwepo kwenye kibodi za maabara za Stanford na MIT, vyuo vya Marekani, huko miaka ya 70, kwenye laptopu yako hakipo, tafuta mpaka kesho. Siku hizi ni Alt. Emacs, programu nyingine ya kuandikia, nao wana hiyo M ila wale angalau mwanzo kabisa wa somo lao wanakwambia Meta ndo kitu gani na pengine kwako kimeandikwa Alt, hapo nawapa heshima yao.

Sasa linganisha na simu. Mama yangu hajawahi kugusa kompyuta, ila mwambie nyota mia moja hamsini nyota sifuri sifuri reli, anabonyeza anaingia M-Pesa anatuma hela. Hakuna aliyemfundisha hiyo alama ya mwisho, #, inaitwaje kitaalamu. Watu waliangalia kile kialama, wakaona kimekaa kama reli, wakakiita reli, nchi nzima ikaelewa, kuanzia wakala mpaka muuza vitumbua. Sisi wa kompyuta tukiandika maelekezo tunajiona wasomi sana.

Kingine ni ile alama ya kujumlisha. Ctrl+C, wengine wanaandika Ctrl-C, hapo mtu anajiuliza nibonyeze na hicho kistari? Na hiyo C kubwa je? Kwenye taminali nyingi za Linux, yaani lile dirisha la kuandikia amri, ukishikilia Ctrl na Shift ukagusa C umekopi, ukiacha Shift umeua programu iliyokuwa inatembea, kwaiyo ukubwa wa herufi sio urembo. Kwenye Vim, nayo programu ya kuandikia, ndo usiseme, ZZ kubwa inasevu na kutoka, zz ndogo inasogeza tu mstari uliopo katikati ya skrini. Alafu kuna zile za kufuatana, Excel unaambiwa Alt H O I ili safu ijipanue yenyewe, mtu anakunja vidole vinne anavibana vyote kwa pamoja kama anapiga kinanda, wakati inatakiwa agusie kimoja kimoja na kuachia.

Na Kiswahili hapa kinatubeba vizuri tu, tunacho kushikilia, kugusa, kuachia, kufuatisha. "Shikilia Ctrl usiachie, gusa X mara moja, achia vyote." Nani atapotea hapo? Ni ndefu ndio, lakini iandike hivyo mara ya kwanza tu, ukurasa wa pili rudi kwenye Ctrl+X yako hamna atakayelalamika.

Ila wapenzi wenzangu wa Kiswahili nanyi mna kesi. Kutafsiri majina ya vitufe mimi sikubali. Nishaona maelekezo yanasema "bonyeza Ingiza". Ingiza ipi? Enter au Insert? Mtu akienda kwenye kibodi na kamusi kichwani zote mbili ni ingiza. "Bonyeza Futa", sawa, Backspace au Delete? Na kwenye Mac ndo balaa zaidi kwa sababu pale Delete inafuta kurudi nyuma, yaani inafanya kazi ya Backspace. Maelezo yawe Kiswahili mwanzo mwisho, ila jina la kitufe liandikwe kama lilivyochapwa kwenye kitufe. Tena neno kitufe lenyewe linatumika kwa cha kwenye kibodi na cha kwenye skrini, kwaiyo sema kipi, "kwenye kibodi" ni maneno mawili tu hayakupunguzii kitu.

Hapo nilidhani nishamaliza, kumbe laptopu za mtumba. Nyingi zinazoingia huku zimetoka Ulaya, na dogo huyu huyu yake ni ya Kijerumani. Ctrl hakuna, kuna Strg. Delete hakuna, kuna Entf. Na Z na Y zimebadilishana nafasi. Aliyemuuzia kaweka mpangilio wa Kimarekani ndani, kwaiyo anachoona kwa macho na kinachotoka ni vitu viwili tofauti, nilimwambia shikilia Ctrl gusa Z urudishe ulichofuta, akagusa iliyoandikwa Z, kompyuta ikasoma Y, ambayo ndo kinyume chake kabisa. Ndugu zetu wa Bujumbura na Lubumbashi wanaotumia kibodi za Kifaransa wanalijua hili, kwao A iko pale sisi tulipozoea Q.

Kwaiyo siku hizi nikiandika maelekezo naweka jina na mahali: Ctrl, kile cha kona ya chini kushoto, japo kuna laptopu zimeweka Fn kwenye hiyo kona, basi unaongeza "au kinachofuata". Nafanya hivyo kwa vile vitatu vinne vinavyosumbua, sio vyote, nisije nikaandika kitabu.

Kimoja tu bado kinanishinda, kile kialama cha ` ambacho ukiandika kodi za programu unakihitaji kila saa. Jina lake la Kiswahili sijawahi kusikia mtu akilitaja, mimi huwa nasema tu kile cha chini ya Esc. Nikamwambia dogo hivyo hivyo, gusa kile cha chini ya Esc. Kimya kidogo, af akasema kaka, hapa chini ya Esc pana kofia.